Data na Taarifa: Mafunzo ya Kisima cha Broad Street

Neno data limeingia katika Kiswahili likiwa tayari limevaa joho la sayansi, na kwa sababu hiyo watu wengi hulistahi kuliko wanavyolielewa. Asili yake ni Kilatini, ambamo maana yake ni vitu vilivyotolewa, yaani vile mtu alivyopewa kabla hajaanza kazi ya kufikiri. Neno taarifa, kwa upande wake, lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno maarifa: yote mawili hutoka katika mzizi mmoja wenye maana ya kujua. Kumwarifu mtu ni kumfanya ajue. Basi twaona tangu mwanzo kwamba tofauti ya maneno haya si ndogo. Data zaweza kukaa sandukuni miaka mia pasipo mtu kuzijua, nazo zikabaki kuwa data. Taarifa haiwezi kukaa hivyo, kwani pasipo mwenye kuarifiwa hapana taarifa.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Kila mwaka hunijia wanafunzi walioshinda kutwa wakikusanya tarakimu, wakidhani kwamba kukusanya ndiko kujua. Majedwali yao yamenyooka, jumla zake ni sahihi, wala hapana kosa la hesabu hata moja. Nikiwauliza jedwali fulani lajibu swali gani, aghalabu hunyamaza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami nathubutu kuongeza kwamba kutouliza ndiko kunakoigeuza hazina ya data ikawa lundo la karatasi. Ili jambo hili lionekane kwa macho, nachagua kisa kimoja cha historia ambacho ushahidi wake umehifadhiwa vizuri, nacho ni kisa cha kipindupindu katika mji wa London katikati ya karne ya 19. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, watu wawili wenye akili na nia njema walitazama data za namna moja wakapata taarifa mbili zilizopingana. Pili, kupingana kwao hakukuwa kwa darasani tu. Lilikuwa suala la nani atakunywa maji gani kesho yake, na nani atazikwa.

Uandikishaji wa vizazi na vifo vya watu wote katika Uingereza na Wales uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1836, na kazi yenyewe ikaanza tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo, makanisa yaliandika ubatizo, ndoa na maziko, lakini si watu wote walioingia katika madaftari hayo. Katika ofisi hiyo mpya alikuwako William Farr, daktari aliyezaliwa mwaka 1807, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa kazi ya kuhesabu vifo. Farr alishika sana kwamba sababu za vifo ziandikwe kwa majina yenye utaratibu, ili kifo cha kijijini kiweze kulinganishwa na kifo cha mjini. Pasipo yeye na makarani wake, kisa ninachokisimulia hapa kisingekuwapo.

Yafaa tulitazame daftari la vifo lenyewe. Lilitaka kujua marehemu alikufa lini na wapi, jina lake, kama alikuwa mwanamume au mwanamke, umri wake, kazi yake, sababu ya kifo chake, na jina la mtu aliyeleta habari. Hapakuwa na safu ya maji aliyokunywa. Hapa pana funzo la kwanza. Data, ingawa jina lake ladai kwamba zimetolewa, kwa kweli huchukuliwa. Mwenye kupiga mistari ya daftari amekwisha kuamua, hata kabla ya mtu wa kwanza kufa, ni mambo gani yafaa kujulikana na ni yapi yaachwe yapotee. Kila safu ni swali, na pasipo safu hapana jibu.

Kipindupindu cha miaka ya 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 50,000 katika Uingereza na Wales. Farr alikaa na tarakimu zake, na mwaka 1852 ripoti yake kubwa ikatoka. Ndani yake mlikuwa na ugunduzi uliowapendeza wengi. Katika sehemu za London zilizoinuka chini ya futi 20 juu ya usawa wa maji ya mto Thames, watu 102 katika kila 10,000 walikufa kwa kipindupindu. Kati ya futi 20 na 40, walikufa 65. Kati ya futi 40 na 60, walikufa 34. Kadiri mtu alivyopanda mlima, ndivyo mauti yalivyompungukia. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba maradhi hutokana na hewa mbaya inayofuka penye uvundo, na hewa hiyo ilidhaniwa kuwa nzito zaidi mabondeni. Basi tarakimu za Farr ziliingia katika imani hiyo kama kisu katika ala yake.

Tusimcheke Farr. Hesabu zake zilikuwa sahihi, na uhusiano alioueleza ulikuwapo kweli. Kosa lilikuwa katika safari ya kutoka kwenye uhusiano huo hadi kwenye sababu. Sehemu za bondeni ndizo zilizokunywa maji ya mto yaliyochanganyika na uchafu wa mji mzima, na ndizo zilizokuwa na mifereji mibovu. Mwinuko na maji vilifuatana kama mtu na kivuli chake. Farr akakishika kivuli. Ikumbukwe pia kwamba alikuwa na data nyingi kuliko mtu yeyote katika nchi yake. Wingi wa data haukumwokoa.

Mtu wa pili ni John Snow, aliyezaliwa York mwaka 1813, daktari aliyejipatia sifa kwa ujuzi wa kuwatia wagonjwa usingizi wakati wa kupasuliwa. Mwaka 1849 alitoa kijitabu akidai kwamba kipindupindu huenea kwa kitu kinachomezwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ugonjwa huu huanza tumboni, na kama sumu yake ingekuwa ya kuvutwa kwa pua, ingelitazamiwa kuanza kwingine. Lakini hoja si ushahidi. Snow alihitaji mahali ambapo maji na hewa vingeweza kutenganishwa, na mahali hapo pakatokea karibu na nyumbani kwake.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 1854, kipindupindu kiliwaka katika mtaa wa Soho, kandokando ya Broad Street. Kwa muda wa siku kumi hivi watu wapatao 500 walikufa, na mwisho wa balaa hesabu ilipita 600. Snow alikwenda katika Ofisi ya Uandikishaji akaomba orodha ya waliokufa katika juma lililoishia tarehe 2 Septemba. Alishughulika na vifo 83. Orodha ile ilikuwa mbele ya kila karani aliyeinakili, na kwa karani ilikuwa kazi ya siku ile tu. Snow aliichukua mkononi akatoka nayo mtaani, akabisha hodi nyumba kwa nyumba kwa wafiwa, akiuliza swali moja ambalo daftari halikuliuliza: marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi?

Majibu yalikuwa hivi. Vifo 73 vilitokea mahali ambapo kisima chenye pampu cha Broad Street ndicho kilichokuwa karibu kuliko vingine. Katika hivyo, jamaa wa marehemu 61 walisema kwamba marehemu walikuwa wakinywa maji ya kisima hicho. Wa marehemu 6 walisema hawakuwa wakiyanywa. Na kwa 6 waliosalia hapakupatikana jibu. Vifo 10 vilitokea karibu na visima vingine. Kwa mtu mwenye haraka, hivyo 10 vilikuwa vya kutupwa, au vya kuivunja hoja nzima. Snow hakuvitupa. Aliuliza, akaambiwa kwamba watano katika hao jamaa zao walituma maji ya Broad Street kila siku kwa kuyapenda zaidi, na watatu walikuwa watoto waliokwenda shule karibu na kisima hicho.

Kisha akafanya jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote: alikwenda kuwatafuta wale wasiokuwamo katika orodha. Daftari la vifo, kwa desturi yake, haliwaandiki walio hai. Jirani na kisima palikuwa na nyumba ya kuwatunzia maskini, yenye watu 535. Kama hewa ya mtaa ndiyo iliyoua, wangelikufa kwa makumi. Walikufa 5 tu. Nyumba ile ilikuwa na kisima chake yenyewe. Katika Broad Street kwenyewe palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hapana hata mmoja aliyekufa kwa kipindupindu. Mwenye kiwanda alieleza kwamba watu wake walipewa bia, na aliamini kwamba hawakuyagusa kabisa maji ya mtaani. Na kule Hampstead, mbali na juu mlimani, ambako kwa kanuni ya Farr mtu alikuwa salama, alikufa mjane mmoja aliyewahi kukaa Soho. Alipenda mno maji ya Broad Street, na chupa yake ilichukuliwa kwa gari mpaka mlangoni pake. Mpwa wake aliyemtembelea akanywa, akarudi kwake Islington, naye akafa.

Ukimya basi ni data kwa mtu ajuaye kuusikiliza. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahesabu wa Marekani, aliweka kipimo cha taarifa ambacho mashine zetu za leo hukitegemea: ujumbe hubeba taarifa kwa kadiri unavyoondoa shaka, na jambo lisilotazamiwa hutuarifu zaidi kuliko lililotazamiwa. Vifo mia vya Soho vilisema jambo ambalo kila mtu alikuwa amekwisha kulijua, kwamba Soho kuna kipindupindu. Kifo kimoja cha Hampstead kilikata shauri kuliko hivyo mia. Walakini Shannon mwenyewe alisema wazi kwamba suala la maana ya ujumbe haliihusu kazi ya mhandisi, naye akaliweka kando. Suala hilo limebaki mikononi mwetu.

Jioni ya tarehe 7 Septemba, Snow alizungumza na wakuu wa mtaa waliosimamia mambo ya maskini, na kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa. Hadithi hii hupenda kuishia hapo, kana kwamba mpini uling'oka na ugonjwa ukaanguka nao. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuisimulia hivyo. Snow mwenyewe alikiri katika toleo la pili la kitabu chake, la mwaka 1855, kwamba vifo vilikuwa vimekwisha kuanza kupungua, kwani watu wengi walikuwa wamekimbia. Kadhalika ramani yake mashuhuri, ambayo kila kifo kimewekewa alama nyeusi, aliitengeneza baadaye ili kuwaonyesha wengine jambo alilokwisha kulijua kwa miguu yake. Ramani haikugundua, ilieleza.

Wala hakuaminiwa. Mwaka 1855 kamati ya wataalamu iliyowekwa na Bodi Kuu ya Afya ilizitazama hoja zake ikasema haioni sababu ya kuzikubali. Aliyezithibitisha alitoka upande asioutazamia mtu. Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa mtaa uleule, alianza uchunguzi akitumaini kumkanusha Snow. Alikuwa na kitu ambacho ofisi haikuwa nacho: aliwajua watu wale kwa majina, aliwatembelea mara nne na tano, na wafiwa walimweleza mambo wasiyoyaeleza kwa mgeni. Kadiri alivyouliza, ndivyo alivyolazimika kukubali. Mwishowe akamgundua mtoto mchanga wa nyumba namba 40 ya Broad Street, aliyeugua tumbo kabla ya balaa kuwaka. Mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nguo za mtoto huyo katika shimo la uchafu la nyumba, na shimo hilo lilipochimbuliwa lilionekana lina nyufa, nalo lilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Namheshimu sana Whitehead. Ni rahisi kuziuliza data swali ambalo jibu lake tunalitamani. Yeye alizikubali zilipomjibu asilolitaka.

Snow alikuwa na uchunguzi mwingine, wenye upana zaidi. Kusini ya mto, kampuni mbili za maji zilipitisha mabomba yao katika mitaa ileile, nyumba hii ikinunua kwa moja na jirani yake kwa nyingine. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchotea maji mwaka 1852, ikaenda juu ya mto, mbali na uchafu wa mji. Kampuni ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuchota palepale pachafu. Matajiri na maskini, wa bondeni na wa mwinuko, walichanganyika katika makundi yote mawili. Katika majuma saba ya mwanzo ya kipindupindu cha 1854, nyumba 40,046 za kampuni ya Southwark na Vauxhall zilipata vifo 1,263, na nyumba 26,107 za Lambeth zilipata vifo 98. Ni sawa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 za upande mmoja, na 37 za upande mwingine. Wengi katika wenyeji hawakujua hata jina la kampuni iliyowauzia maji, na Snow alilazimika kuyapima maji yenyewe kwa wingi wa chumvi yake. Mwenye kuwasaidia katika kazi hii ni Farr, aliyewaagiza waandikishaji wa kusini waandike tangu sasa ni maji gani yaliyoingia katika nyumba ya kila aliyekufa. Safu iliyokosekana ikapigwa mstari.

Snow alikufa mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka 45, kabla ya kukubaliwa. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, mashariki ya London, Farr aliziuliza tarakimu zake swali la maji, akaifuata njia ya mabomba, na ripoti yake iliyofuata ilikubali kwamba maji ndiyo yaliyoubeba ugonjwa. Ilimchukua miaka zaidi ya kumi kuigeuza fikira yake, lakini aliigeuza. Robert Koch alikitambulisha kijidudu chenyewe katika uchunguzi wake wa Misri na Bara Hindi miaka ya 1883 na 1884; na Filippo Pacini, Mwitalia, alikuwa amekwisha kukiona kwa darubini mwaka uleule wa 1854, ila ulimwengu haukumsikiliza. Data ya Pacini ilikuwa sahihi. Ilikosa wa kuarifiwa.

Msomaji wa pwani yetu asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Mwezi Novemba 1869 kipindupindu kilifika Unguja, kikaua maelfu. Hapakuwa na ofisi ya kuandikisha vifo wala jedwali la kila juma. Alikuwako daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja tangu mwaka 1865. Naye aliuliza. Aliwahoji wafanyabiashara, manahodha na watu wa misafara: mlipita wapi, mlikuta nini, mwezi gani? Kwa majibu yao aliifuata njia ya ugonjwa kutoka upande wa Bahari ya Shamu, kupitia bara na nchi ya Wamasai, mpaka Pangani na Unguja. Kitabu chake juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki, kilichochapishwa London mwaka 1876, kinaeleza njia za biashara kwa kirefu, kwani aliona kwamba ugonjwa ulisafiri na watu na bidhaa zao. Ushahidi wake mwingi ulitoka vinywani mwa wasafiri wa nchi hizi. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba mahali pasipo madaftari hapana data. Palikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ya mkuu wa msafara juu ya visima na vituo vya njiani ni daftari la namna yake. Palikosekana mwenye kuuliza, mpaka Christie alipouliza.

Twaweza sasa kurudi katika maneno tuliyoanza nayo. Data ni alama ya jambo lililotokea, iliyoshikwa kwa wino au kwa kumbukumbu. Na mwenye kuishika alichagua. Taarifa huzaliwa data inapokutana na swali na mtu aliye tayari kubadilishwa na jibu. Mambo haya matatu yakitimia, orodha ya majina 83 yaweza kuwaokoa watu. Moja likikosekana, ripoti nzima yenye hesabu sahihi yaweza kuwaacha wayanywe maji yaleyale.

Kipindupindu hakijahama, kimerudi katika miji yetu mara kadhaa tangu miaka ya 1970, na kila kirudipo, hesabu za wagonjwa husomwa redioni. Mwanafunzi anayeshika hesabu kama hizo, au za mavuno, au za misamiati ya lahaja, na ajiulize mambo manne kabla hajaandika neno: nani alipiga mistari ya daftari hili, ni safu gani haimo, ni nani hawakuandikwa, na je, mimi nimejiandaa kusikia nisilolitaka? Kisha na ainuke mezani akabishe hodi. Yale majina 83 yalikuwa ya watu, na waliojua walikunywa nini walikuwa bado wako nyumbani, wakingoja kuulizwa.